Gita Inalia Kama Mbu? Usilaumu Pawa

Uko Madogo, umekodi saundi ya harusi kutoka ng'ambo ya daraja, Garissa. Ndani ya raki kuna pawa-ampu moja kubwa. Unachomeka gita moja kwa moja, inalia kama mbu. Manze, usikimbilie pawa kubwa zaidi!

Pikapu ya gita hutoa milivolti tu. Priampu ndiyo huzipandisha hadi kama volti 1, na huko ndiko kuna besi, trebo na ule mkwaruzo wa roki. Pawa ni misuli tu, kazi yake kusukuma spika. Kwa hivyo doh yako peleka kwa priampu.

Waya wa spika usiwahi kuurudisha kwa priampu, utaichoma. Kuwasha, pawa iwe ya mwisho; kuzima, iwe ya kwanza. Ule mshindo wa "bup!" unaweza kula spika za wenyewe.