Bando Halikati Stika

Mashine ya nyumbani ya kukatia stika na kadi haiunganishwi na simu kwa bando. Nyingi zinazotumika hapa Mwanza huunganishwa kwa Bluetooth, na Bluetooth haili hata megabaiti moja. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalowamalizia watu fedha: dada wa Nyegezi anayetengeneza maandishi ya kuchomeka juu ya keki, kijana wa Mlango Mmoja anayekata stika za bodaboda, mwalimu wa Buzuruga anayekata herufi za kubandika darasani. Mashine ikigoma, wa kwanza kulaumiwa ni mtandao. Linanunuliwa bando jingine, inabadilishwa laini, simu inapelekwa dirishani upande wa ziwa ili ishike vizuri. Mashine bado iko mezani, taa inawaka, na sendofu ni kesho.

Kazi unayotaka kuikata hupita hatua mbili zisizotegemeana. Ya kwanza inatoka kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza mashine, huko ng'ambo, hadi kwenye simu yako. Hapo ndipo bando linapoliwa. Ya pili inatoka kwenye simu hadi kwenye mashine, umbali wa mita moja au mbili, na mtandao wa simu hauhusiki kabisa. Aliyesafiri kwenda Sengerema kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025 anaijua hali hiyo: lami ya kutoka mjini hadi Kigongo ingeweza kuwa safi, lakini kivuko kikisimama hufiki Busisi, hata lami hiyo ingewekwa upya mara ngapi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua ni hatua ipi iliyokatika. Jaribio lake ni la bure. Fungua ukurasa wowote wa intaneti ambao hujawahi kuufungua. Ukifunguka, hatua ya kwanza ni nzima. Kisha zima data, washa Bluetooth, utazame orodha ya vifaa vinavyoonekana. Mashine za Cricut aina ya Explore Air 2 na Maker hujitaja kwa jina la mashine pamoja na namba, na namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko chini ya mashine. Ukiiona hapo, mawimbi yanafika. Ikiomba namba ya siri, ni 0000. Kwenye Windows inaweza kujitokeza kana kwamba ni kifaa cha sauti. Wengi huidharau wakidhani ni spika ya jirani. Ndiyo hiyo hiyo, iunganishe.

Hatua ya kwanza nitaipitia haraka, maana haina mafumbo. Programu ya Cricut, Design Space, imefungamana na intaneti: unaingia kwa akaunti, michoro iko kwenye seva zao, na kwenye simu za Android bila mtandao hufanyi kazi. Kwenye kompyuta unaweza kuihifadhi kazi ndani ya kifaa mapema ukiwa bado na mtandao, na nawasihi wenye oda za Jumamosi wafanye hivyo Alhamisi. Programu ya Silhouette Studio, inayoendesha mashine za Cameo, ukishaiweka kwenye kompyuta inakata bila intaneti. Tofauti hiyo huonekana siku mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora nchi nzima. Siku ya namna hiyo hakuna fundi wa Mwanza anayeweza kukusaidia kwa kufungua mashine yako, kwa sababu tatizo liko chini ya bahari, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Na mbali na nyaya, mwenye seva ana sauti yake pia. Machi 2021 Cricut ilitangaza kwamba watumiaji wasiolipia wangeruhusiwa kupandisha michoro yao 20 tu kwa mwezi. Wateja walipinga kwa nguvu, na mwezi huo huo kampuni ikafuta mpango wake. Napenda mashine hizi, lakini anayezitegemea kwa riziki ajue kamba yake imefungwa wapi.

Hatua ya pili ndiyo yenye mengi, na sehemu kubwa ya mengi hayo imo ndani ya simu yenyewe.

Tuanze na ruhusa. Kuanzia Android 6 hadi Android 11, programu haikuruhusiwa kutafuta vifaa vya Bluetooth mpaka iwe na ruhusa ya Mahali. Kuanzia Android 12 ruhusa hiyo ikatenganishwa, ikapewa jina lake: Vifaa Vilivyo Karibu. Mtu anapoiweka programu mara ya kwanza huulizwa maswali haya haraka haraka, naye kwa tahadhari nzuri tu anakataa yote. Tangu siku hiyo programu inakuwa kipofu. Haitoi onyo la maana. Inasema tu kwamba mashine haikupatikana. Ingia kwenye Mipangilio ya simu, tafuta programu hiyo, fungua ruhusa zake, uikubalie. Nimeona watu wakijiandaa kuuza mashine kwa bei ya hasara kwa sababu ya ruhusa hii moja.

Jambo la pili ni kwamba mashine huzungumza na kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Kama jana mliiunganisha na kishikwambi cha mtoto, na leo kishikwambi kiko chumba cha pili na Bluetooth yake imewashwa, mashine ikiwashwa inaweza kushikwa na kishikwambi kwanza. Simu yako itaiona, lakini haitaipata. Zima Bluetooth kwenye vifaa vingine vyote, na kwenye simu yako ifute mashine kwenye orodha ya vifaa vinavyojulikana, kisha anza kuiunganisha upya. Waya wa USB nao uchomoe, maana njia mbili kwa pamoja huvuruga mazungumzo. Wenye Cameo 4 wana kanuni yao: msiiunganishe kupitia mipangilio ya Bluetooth ya kompyuta hata kidogo. Iunganishwe ndani ya Silhouette Studio, kwenye ukurasa wa kutuma kazi. Ukiitambulisha kupitia Windows kwanza, programu inakuja kukuta mlango umeshafungwa.

Sasa mawimbi yenyewe. Bluetooth ya kawaida hufanya kazi kati ya megahezi 2402 na 2480. Eneo hilo limegawanywa katika njia 79, na vifaa viwili vilivyounganishwa huruka pamoja kutoka njia moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde. Wazo la kurukaruka lina historia ya kupendeza: mwigizaji wa Hollywood Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza Marekani Agosti 1942 kwa namna ya kuongoza torpedo kwa redio inayohama masafa ili adui asiweze kuizuia. Walipendekeza masafa 88, idadi ya vibonyezo vya piano. Katika Bluetooth, adui si manowari. Ni msongamano. Ruta za Wi-Fi za gigahezi 2.4 zimo kwenye uwanja huo huo, na kila moja hukalia upana wa takriban megahezi 20, karibu robo ya uwanja mzima. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003, Bluetooth imejifunza kukwepa njia zenye vurugu, lakini haiwezi kukwepa pasipokuwa na pa kukimbilia.

Na hapa jiografia yetu inaingia. Mji wetu umepanda juu ya miamba. Mtu anayeishi kwenye mteremko wa Isamilo, Bugando au Mabatini anatazamana na mabati ya nyumba zote zilizo chini yake, na kifaa chake kinasikia ruta nyingi kuliko cha mtu wa tambarare aliyezungukwa na kuta za majirani. Fungua orodha ya Wi-Fi ukiwa barazani uhesabu majina. Dawa si kubishana na majirani. Sogeza mashine na simu karibu: Cricut wenyewe wanashauri umbali usizidi takriban mita 4.5, mimi nasema mita moja, juu ya meza moja, bila ukuta wa tofali wala kabati la chuma katikati. Hata mwili wa mtu hunyonya mawimbi haya, kwa kuwa una maji mengi, kwa hiyo simu iliyo mfukoni mwa suruali huku umeipa mashine kisogo imejiwekea ukuta. Oveni ya maikrowevu inatumia masafa ya karibu gigahezi 2.45, kwa hiyo kama mnaoka keki na kukata mapambo yake chumba kimoja, isiwake wakati mashine inakata.

Kisha kuna tatizo ambalo naamini ndilo la kwetu hasa, kwa sababu linatokana na namna tunavyonunua intaneti. Wengi hatuna ruta nyumbani. Tunawasha hotspoti kwenye simu, kompyuta mpakato inachota intaneti kutoka humo kwa Wi-Fi, na wakati huo huo kompyuta inatuma kazi kwa mashine kwa Bluetooth. Kwenye kompyuta mpakato nyingi, Wi-Fi na Bluetooth zimo kwenye kadi moja na zinagawana antena. Zote mbili zikiwa kwenye gigahezi 2.4, kadi inalazimika kuzipa zamu. Programu ikishusha michoro huku ikiendelea kutuma, zamu ya mashine inachelewa, na kisu kinasimama katikati ya herufi. Karatasi ya stika imeshaharibika. Suluhisho ni kuiunganisha simu na kompyuta kwa waya wake wa chaja na kuchagua kutoa intaneti kwa USB badala ya hotspoti. Bando ni lile lile, hewa inabaki ya mashine peke yake. Kama simu yako inaweza kurusha hotspoti ya gigahezi 5 na kompyuta ikaipokea, hilo nalo linatosha.

Ila wenye ScanNCut SDX za Brother wasiufuate ushauri huo wa mwisho. Mashine hizo hazitumii Bluetooth bali Wi-Fi, tena ya gigahezi 2.4 pekee. Ukihamisha hotspoti kwenda gigahezi 5, kwa mashine hiyo umeizima. Kwao bando nalo linahusika kweli, kwa sababu kazi inayotumwa kwa njia hiyo kutoka programu ya CanvasWorkspace hupitia seva kabla ya kufika mezani. Uzuri wao ni kwamba mtandao ukigoma, unaweka mchoro kwenye flashi, unaichomeka kwenye mashine, unakata.

Mashine inayounganishwa vizuri kisha kupotea katikati ya kazi, mara nyingi haina ugonjwa wa mawimbi. Tazama umeme. Adapta ya Explore na Maker hutoa volti 18. Ikiungua kwa umeme unaopanda na kushuka, watu hununua mbadala yenye kichwa kinachoingia bila kusoma ampea. Mashine inawaka, inaonekana, inaungana. Mota zinapoanza kusukuma kisu kwenye karatasi nzito, umeme hautoshi, bodi inajizima na kuwaka tena, na simu inatangaza kwamba Bluetooth imekatika. Angalia taa ya mashine wakati huo: ikizimika hata kwa nukta moja, tafuta adapta yenye volti na ampea zile zile zilizoandikwa kwenye ile ya awali. Taa isipotetereka, geukia simu. Kiokoa Betri huzilaza programu skrini inapozima, nayo kazi ya kukata kadi 100 ni ndefu kuliko subira ya skrini. Kizime, na uiache skrini ikiwaka. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya kifaa cha Bluetooth na uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme.

Wenye kompyuta za mezani za mtumba, ambazo nyingi hazina Bluetooth, hununua kile kidude kidogo cha kuchomeka USB. Usikichomeke kando ya tundu la buluu, yaani la USB 3.0, lenye flashi au diski ya nje. Intel ilionyesha mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye gigahezi 2.4, na kidude kilicho sentimita mbili kutoka hapo kinazibwa masikio. Tumia waya mfupi wa kurefushia USB ukiweke mbele ya meza.

Nimeandika yote haya kuhusu mawasiliano ya hewani, lakini kwa kazi ya mteja mimi hutumia waya. Waya haujali ruta za Bugando, hauombi ruhusa, haulali. Explore na Maker zina tundu la USB la mraba, lile lile la printa za kawaida, kwa hiyo waya wa printa unatosha, na unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta mjini. Unafanya kazi na kompyuta tu. Programu ya simu haipokei waya. Anayepanga kununua aulize jambo hili kabla ya kulipa, kwa sababu Cricut Joy ya mwaka 2020, ndogo na ya bei nafuu inayovutia wengi wanaoanza, haina tundu la USB. Aliyeinunua hana njia nyingine zaidi ya Bluetooth.