Utamu Usiotiwa Hamira Waonjwa Gusii

Ukiwatajia watoto wa Nairobi neno Pasaka, wengi watafikiria likizo, safari ya kwenda mashambani na pengine viatu vipya. Kwa Wayahudi neno hilo lina maana nyingine jikoni. Ni siku 7, au siku 8 kwa wengi wanaoishi nje ya Israeli, ambazo hata chembe ya mkate uliochachuka haitakiwi nyumbani. Makabati hufagiliwa, mifuko ya nguo hukung'utwa, na mkate unaobaki huteketezwa. Amri yenyewe imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, inayosimulia jinsi wana wa Israeli walivyotoka Misri kwa haraka, unga wao ukiwa haujapata muda wa kuumuka.

Sasa jiulize, msomaji: mwokaji aliyenyang'anywa hamira na unga atawapa watoto nini cha tamu juma zima? Jibu linajulikana katika maduka ya mikate ya Kiyahudi ulimwenguni kote. Huoka vidonge vya nazi, keki za lozi, na keki laini zinazoinuliwa na mayai yaliyopigwa mpaka yakawa povu. Tulitaka kujua kama vitu hivyo vinaweza kupikwa Gusii kwa makaa na sufuria, na kama vitalika.

Huenda utauliza, kwa nini Gusii? Wayahudi wa Kenya wanajulikana zaidi Nairobi, ambako sinagogi lao limesimama karibu na Chuo Kikuu. Huko Uganda wako Abayudaya wa Mbale, waliofuata imani hiyo tangu 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu. Kisii na Nyamira hazitajwi katika historia hiyo. Lakini ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo sheria za chakula za Agano la Kale zinajadiliwa kila siku kando ya meko kama huko. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista walioanzia Gendia mwaka 1906 wakajenga kituo chao Nyanchwa muda mfupi baadaye. Leo katika maelfu ya nyumba za Abagusii nguruwe haingii jikoni, na chakula cha Jumamosi huwa kimekwisha kupikwa Ijumaa kabla ya jua kutua.

Isitoshe, mkate usiotiwa chachu si mgeni kwao. Mara moja kila miezi mitatu Waadventista hutawadhana miguu na kushiriki Meza ya Bwana. Mkate wa siku hiyo huokwa na mashemasi wa kike kwa unga, mafuta, maji na chumvi, bila hamira, nao huchomwa matundu kwa uma ili usifure. Waadventista hawaadhimishi Pasaka ya Kiyahudi, lakini mama aliyewahi kuuoka mkate huo ataitambua matsa ya Wayahudi mara tu aionapo. Tofauti ni kwamba matsa ni unga na maji peke yake, na ukali wake umo katika saa. Tangu maji yaguse unga hadi mkate uive, dakika 18 zisipite. Zikipita, basi umechachuka na hauliwi.

Nafaka zinazokatazwa ni tano: ngano, shayiri, na jamaa zake tatu ambazo hapa kwetu hazilimwi sana. Wimbi halimo. Mwanzoni tulifurahi, maana ni nani atakayekwenda Gusii akaacha wimbi? Kumbe mambo si mepesi hivyo. Wayahudi ambao asili yao ni Ulaya Mashariki wana desturi ya kuacha pia mchele, mahindi, maharagwe na wimbi wakati wa Pasaka, ilhali wenzao wenye asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu wengi wao hula. Hata hao wanaokula hawataki uliosagwa ovyo. Na kinu cha kusagia cha soko lolote kule husaga mahindi saa tatu, ngano saa nne na wimbi la uji saa tano, bila kusafishwa. Tukaliweka wimbi kando, tukachukua nazi, ndizi, mayai na sukari.

Jiko tulilotumia liko upande wa Nyamira, mwendo mfupi kutoka Keroka, ule mji ambao mpaka wa kaunti hizi mbili umeupasua katikati. Mwenye nyumba ni mwalimu, Msabato. Shemeji yake, dada ya mumewe, ni Mkatoliki na hukaanga maandazi ya kuuza sokoni. Wawili hawa walikuwa hawajakaa meza moja tangu Desemba. Kisa ni kwamba kijana wa mwalimu, aliyerudi kutoka chuo kikuu, alikataa maandazi ya shangazi yake mbele ya wageni, akisema hajui yamekaangwa kwa mafuta gani. Kwa maoni yangu kijana alikuwa na haki ya kuuliza, lakini si mbele ya watu. Shangazi naye aliona ameitwa mchafu. Mwalimu alipomwalika siku hiyo alimwambia wazi kuwa wageni wanataka mpishi, na kwamba kila kitu kitamiminwa mbele ya macho ya wote.

Shangazi alikuja, akavaa leso, akashika kazi.

Kwa vidonge vya nazi alitumia vikombe 3 vya nazi iliyokunwa na kukaushwa, ute wa mayai 4, sukari kikombe kasoro robo, chumvi kidogo na ganda la limau lililoparuzwa. Arki ya vanila hatukuitia, kwa kuwa aghalabu huwa na pombe ndani yake, na pombe ya nafaka haifai kwa Pasaka, sembuse kwa Msabato. Hata sukari laini ya kupambia keki ina utata, kwani huchanganywa na wanga wa mahindi. Sukari ya kawaida ya miwa haina neno.

Kila yai lilipasuliwa kwanza katika kikombe peke yake. Wayahudi hufanya hivyo kuchungulia kama kuna damu, maana yai lenye damu hutupwa. Nyanya wa nyumba hiyo, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua chinsaga, alicheka aliposikia hilo ni sheria. Yeye amefanya vivyo hivyo maisha yake yote, asije akaharibu mayai kumi mazuri kwa sababu ya viza moja.

Ute ulipigwa kwa uma mbili zilizofungwa pamoja mpaka ukawa povu jeupe linalosimama. Hapo ndipo siri ya keki za Pasaka ilipo: kinachoinua ni hewa. Nazi na sukari zikachanganywa polepole, zikafinyangwa vidonge 24 na kupangwa juu ya sahani ya bati iliyopakwa mafuta ya mboga. Sufuria kubwa lilitiwa mchanga, likapashwa moto kabisa, sahani ikawekwa ndani, kifuniko kikatandazwa makaa. Baada ya dakika 25 hivi jiko zima lilinukia kama Mombasa.

Cha pili kilikuwa cha ndizi mbivu zilizopondwa, nazi iliyobaki na asali. Hiki hakikuwa biskuti wala keki, bali kitu cha katikati, cheusi kidogo pembeni na laini ndani. Tulijaribu pia matsa yenyewe, huku simu ikihesabu dakika. Ilitoka katika dakika ya 14, kavu, yenye madoa, na ladha kama ya karatasi nzuri. Wanafunzi wawili wa jirani waliila kwa asali, wakasema ingefaa shuleni kwa sababu hakuna atakayeiiba.

Ni lazima niseme hapa kwamba tulichopika ni mfano tu. Rabi asingekiidhinisha. Sufuria lililowahi kupikiwa ugali na uji wa ngano halifai Pasaka bila kutakaswa kwa namna maalum, na Wayahudi wengi huwa na vyombo vya juma hilo pekee. Tena hawachanganyi nyama na maziwa katika mlo mmoja. Ndiyo maana waokaji wao hupenda mafuta ya mimea kuliko siagi, ili keki iweze kuliwa hata baada ya nyama.

Mambo ya mafuta ndiyo yaliyoanzisha mazungumzo marefu siku hiyo kuliko utamu wenyewe. Biskuti na peremende nyingi zinazotoka ng'ambo huwa na jelatini, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa ngozi au mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Msabato, Mwislamu na Myahudi wote watatu wanataka kujua ni ya nani. Myahudi ana alama zake kwenye karatasi, kama ile ya herufi U ndani ya duara, na Mwislamu ana neno halali. Msabato wa Kisii hana alama yake, hivyo husoma maandishi madogo au huzitegemea hizo za wenzake. Mama wa mjini anayemnunulia mtoto vitamu vya karamu ya shule atafanya vyema kugeuza pakiti na kusoma nyuma.

Lakini andazi la sokoni halina karatasi ya kusoma. Lina mtu aliyelikaanga, basi.

Vidonge vya nazi vilikwisha kabla chai haijapoa. Nyanya alikula vitatu na kusema vina sukari nyingi mno, kisha akachukua cha nne. Kijana alikula vya kwake akiwa kimya, halafu akamwambia shangazi yake kwa Ekegusii maneno ambayo hatukutafsiriwa, naye akamjibu, "Haya mwanangu, kula." Alimpa pia vile vilivyoshikana na bati.

Viini vinne vilivyobaki vilikaangwa pamoja na vitunguu na kuliwa kwa chinsaga.

Jioni shangazi alikuwa anapiga hesabu. Nazi husafirishwa kutoka pwani na bei yake haimfai mteja wa Keroka, lakini ndizi na wimbi zipo tele. Tukamkumbusha kwamba za wimbi Wayahudi wengine hawatazikubali kwa Pasaka. Akasema Keroka hakuna atakayemuuliza habari za Pasaka ya Kiyahudi, watakachouliza ni mafuta. Kwa hiyo mtungi wa mafuta atauweka mezani, karatasi yake ikitazama wateja.