Kicheko cha Kashasha

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: hofu, uvumi, ushahidi.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya wasichana huko Kashasha, upande wa Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu, wasichana watatu walianza kucheka. Walicheka, wakalia, wakacheka tena, wala hawakuweza kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Wengine walirudi kwao Nshamba, na huko watu 217 wakapatwa, wengi wao vijana. Hakuna aliyekufa.

Je, ilikuwa sumu? Ulikuwa uchawi? Madaktari waliowapima hawakuona sumu wala vijidudu. Waliona kwamba hofu ya moyoni ilikuwa imepita kwa mmoja ikaingia kwa mwingine.

Huambukizaje? Tazameni mwayo. Mmoja akipiga mwayo, na wewe wapiga, ingawa huna usingizi. Hofu nayo ni hivyo. Ukimwona mwenzio ameanguka, moyo wako waenda mbio, wapumua upesi upesi, kichwa chazunguka, na mwisho nawe waanguka. Anayepatwa hadanganyi. Mateso yake ni ya kweli. Lakini chanzo chake huenda sicho kinachosemwa.

Jambo hili latuhusu sana. Hapa kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa uvumi, kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Naam, lipo midomoni. Tuulize kama lipo pia machoni pa mtu aliyeliona.

Basi watoto wakianguka shuleni, fanyeni hivi. Kwanza, wapelekeni zahanati, maana huenda ni homa au chakula kibaya. Pili, watengeni na wenzao, mahali patulivu, wala watu wasiwazonge. Tatu, msitaje jina la mtu yeyote.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini walimu wa Kashasha hawakupatwa?
2. Taja habari uliyoisikia wiki hii. Nani aliiona kwa macho yake, na nani aliambiwa tu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.