Mkutano wa Shehia: Omba Jambo Moja

Mikutano mingi ya shehia huko Pemba, yakizungumzwa mambo ya afya, huishia kwenye malalamiko. Msemaji huanzia mwaka 1965, matibabu yalipotangazwa kuwa bure Zanzibar, akapitia uhaba wa dawa na foleni. Kabla hajafika alikokusudia, alasiri imeadhiniwa na watu wameinuka.

Mzazi wa kisiwa cha Kojani ana hoja nzito kuliko historia yote hiyo. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, avushwe kwanza kwa chombo, ndipo atafutiwe gari la kumfikisha hospitali ya Wete. Msemaji aeleze hivyo hivyo: ilikuwa saa ngapi, maji yamejaa au yamekupwa, nahodha aliamshwa wapi, gari lilichukua muda gani. Jina la mgonjwa lisitajwe. Mambo ya uzazi yana stara yake.

Kisha aombe kimoja tu: chombo na nahodha wa zamu ya usiku. Sheha hana fungu la kununua boti, lakini barua yake hufika wilayani, na Mwakilishi wa jimbo anaweza kuuliza Barazani. Basi swali la mwisho liwe, “Sheha, barua itakwenda lini?” Tarehe atakayoitaja iandikwe pale pale, mbele ya watu.