Mpaka Langoni na Kurudi

Leo nataka tuzungumze juu ya afya ya miili yetu, na hasa juu ya mazoea. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2022 daktari alinipima akaniambia kwamba nina presha. Ndugu yangu mkubwa alikuwa amekwisha kufa kwa kiharusi, tukamzika watoto wake wakiwa bado shuleni. Kwa hiyo niliogopa sana. Nilirudi nyumbani na ahadi kubwa: nitakimbia kilomita tano kila alfajiri, na chumvi sitaigusa tena. Hata viatu nilinunua. Siku ya kwanza nilikimbia. Siku ya pili magoti yaliuma. Siku ya tano mvua ilinyesha, na tangu hapo viatu vile vikawa vya kijana wangu.

Je, ndugu, wewe hukuwahi kufanya hivyo?

Mke wangu ndiye aliyenisaidia. Aliniambia, "Mzee, kila asubuhi unakunywa chai ukisikiliza habari. Ukimaliza kikombe, nenda mpaka langoni urudi. Basi." Nilicheka. Ni hatua themanini tu! Nilifanana na Naamani, yule jemadari wa Shamu, aliyekasirika kwa kuagizwa kuoga mtoni tu. Lakini nilikwenda, maana sikuwa na udhuru.

Na hiyo ndiyo siri yenyewe. Nguvu za moyo hupanda na kushuka. Ahadi kubwa tunaiweka siku zimepanda, kisha tunatakiwa kuilipa siku zimeshuka, tukiwa tumechoka au tuna mgeni. Jambo dogo hulipika hata siku hiyo. Tena, kikombe cha chai kilikuwa kengele yangu. Zoea jipya hulishika la zamani kama vile maharagwe yanavyopanda juu ya mhindi. Likikosa mti, hutambaa chini na kuoza.

Watafiti wa University College London waliwafuata watu 96 kwa muda wa siku 84, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja, kama kunywa maji au kula tunda wakati wa chakula. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 hata jambo lake likawa linajifanya lenyewe. Aliye mwepesi alihitaji siku 18, na aliye mzito, kwa makadirio, 254. Kunywa maji kulishika upesi kuliko mazoezi ya viungo. Na jambo lililonifariji mimi: aliyekosa siku moja hakuharibu kazi yake. Wengi wetu tukikosa siku moja tunasema tumeanguka, tunaacha kabisa.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo kwa juma. Zamani lilihesabu vipindi vya dakika kumi au zaidi, lakini tangu mwaka 2020 hata vile vifupi vinahesabiwa. Kwa hiyo hata mwendo wa langoni umo.

Juu ya chumvi, shirika hilo linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya jikoni. Sisi tuliondoa kopo la chumvi mezani tukaliweka kabatini. Hakuna aliyekatazwa, lakini mtu akiitaka sharti ainuke, na mara nyingi haoni haja.

Baada ya majuma machache nilipita lango nikafika barabarani, kisha dukani. Sasa natembea karibu nusu saa. Dawa za daktari sikuziacha, wala wewe usiziache bila kumwuliza.

Mwezi uliopita nilisafiri kwenda matangani, na siku tatu sikutembea hata kidogo. Siku ya nne, nikiwa nyumbani, nilikuwa nikiwaza habari za marehemu, mara nikajikuta nimesimama langoni, kikombe kitupu kingali mkononi.