Kuku Si Gunia la Katani

Miaka 26 nilikuwa mtunza stoo katika shamba la mkonge. Kazi ya stoo ni kuziba. Mvua isipenye, panya asipenye, mwizi asipate pa kutia mkono. Nilipostaafu nikarudi kwenye kiwanja changu hapa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, nikaamua kufuga kuku wa mayai ndani ya stoo ya majembe. Ilikuwa ya mabati juu na mabati ubavuni, mita tano kwa tatu, mlango mmoja na kidirisha kimoja. Nilipita na lami nikaziba hata matundu ya misumari, kisha nikaingiza kuku 60 na kufuli juu.

Walikufa 11 kwa mkupuo, Ijumaa moja ya mwezi wa Februari. Nilikuwa nimetoka msikitini, nikala, nikajinyoosha kibarazani. Saa tisa nikaenda kuokota mayai. Mlango ulipofunguka nilikutana na hewa ya tanuri. Kuku walikuwa wamelaliana pale pale mlangoni, midomo imeelekea ule upenyo mwembamba ulio kati ya mlango na sakafu, kwa sababu huko tu ndiko kulikotoka hewa. Wa juu walikuwa wanatweta. Wa chini walikuwa wamekwisha. Mama watoto alichungulia begani kwangu akasema, "Mzee, hawa umewapika na manyoya yao." Kibudu hakiliwi, basi tukawazika upande wa magharibi wa stoo, na juu yao nikapanda mipapai.

Kuku hatoki jasho. Sisi tukikaa juani shati linalowa, upepo ukipita tunapata nafuu. Yeye hana njia hiyo. Joto analitoa kwa kishungi na ndevu zake, kwa miguu, kwa kutandaza mabawa ili hewa ipite makwapani, na zaidi ya yote kwa kutweta. Mwili wake wenyewe una nyuzijoto kati ya 41 na 42. Hewa ikipita 30 anaanza kupata tabu, na ikikaribia joto la mwili wake, hana tena mahali pa kulitupa la kwake. Baada ya msiba ule nilinunua kipimajoto nikakitundika usawa wa mgongo wa kuku. Saa nane mchana nje kilisoma 33, na ndani ya stoo 41.

Hasara haianzi siku wanapokufa. Wiki mbili kabla ya Ijumaa ile mayai yalikuwa yamepungua, na mengine yalikuwa na ganda laini, ukilishika linabonyea. Nililaumu chakula. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kuku akitweta kutwa anapoteza hewa ukaa nyingi, na hewa hiyo ndiyo mwili wake unayoitumia pamoja na chokaa kutengeneza ganda. Ningeongeza dagaa na konokono mpaka nifilisike, ganda lisingekomaa.

Nilimwita fundi, kijana wa mtaa wa pili. Nilimtajia nilichotaka: madirisha mawili zaidi, na labda feni. Alizunguka stoo mara moja, akachuchumaa katikati, akanyamaza. Kisha akaniambia, "Baba, chuchumaa na wewe hapa." Nikachuchumaa. Kidirisha changu kilikuwa juu ya kichwa changu. Upepo, ukiamua kuingia, ulinipitia mimi nikiwa nimesimama, na kuku sakafuni wasijue kama kuna kaskazi nje. "Hapa hatujengi kitu," akasema. "Tunabomoa."

Akabandua mabati ya pande zote mbili ndefu. Chini tukapandisha kozi mbili tu za matofali, ili maranda yasimwagike na mvua isirukie ndani. Kutoka hapo hadi kwenye mtambaapanya ni waya mtupu. Tafadhali usinunue ule waya mwembamba wa kuku peke yake. Unamzuia kuku asitoke, lakini kicheche anautafuna na fungo anauchana. Sisi tuliweka waya mnene wa kuanikia kahawa, tukaufukia chini shubiri moja na nusu kwa ajili ya wachimbaji. Nguchiro huja mchana kweupe, kwa hiyo usidanganyike kwamba hatari ni ya usiku tu.

Paa lilikuwa linainama upande mmoja, na lilikuwa chini mno. Tulilinyanyua ule upande wa juu kiasi cha mkono mzima, tukaacha uwazi mrefu uliozibwa kwa waya. Hewa ya moto hupanda. Ikipata mlango juu hutoka, nayo ya chini huvutwa kuja kushika nafasi yake, hata siku ambayo hakuna upepo. Halafu juu ya mabati tukalaza milingoti ya mkonge, na juu ya milingoti tukaezeka makuti. Wengi huyalaza makuti moja kwa moja juu ya bati. Ile nafasi ya kiganja iliyo katikati ndiyo dawa, kwa kuwa jua linachoma makuti, upepo unapita chini yake, na bati linabaki kivulini. Asiye na makuti apake bati chokaa nyeupe, ingawa masika ikipita atarudia kazi.

Kosa moja halikuweza kubomolewa. Banda la nchi ya joto hulazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, ili mbavu ndefu zitazame kaskazini na kusini na jua lizunguke bila kuingia. Stoo yangu niliilaza kinyume, kwa sababu majembe hayajali. Jua la saa tisa linaingia ubavuni hadi ukuta wa pili. Tulirefusha upenu wa magharibi kwa makuti, karibu mita moja na nusu, na mipapai iliyopandwa juu ya wale 11 imeanza kufika usawa wa paa. Sehemu iliyobaki nateremsha pazia la viroba, nalikunja jua likizama. Pazia hilo hilo hunifaa masika ikianza kupiga.

Rafiki yangu wa Dodoma alinishauri nitundike magunia ya katani yaliyoloweshwa maji. Kwake yanafanya kazi. Hewa ya Dodoma ni kavu, inanywa maji ya gunia na kupoa. Hewa yetu ya pwani imekwisha kushiba. Nilijaribu siku tatu, maranda yakaloa, harufu ya mkojo ikanichoma macho, na kuku wakazidi kutweta. Kutweta nako ni kukausha maji ya koo. Ukiongeza unyevu bandani, unawanyang'anya hata hicho kidogo.

Mengine ni mazoea ya kila siku. Chakula nawapa alfajiri saa kumi na moja na nusu, saa nne naondoa vyombo, narudisha saa kumi na moja jioni, kwa sababu kusaga chakula nako kunazalisha joto mwilini. Maji hayaondolewi kamwe, na siku za joto wanakunywa hata mara mbili ya kawaida. Zamani niliyavuta kwa bomba jeusi lililolala juani, yakifika yanafaa kwa chai. Kuku hanywi maji ya moto. Sasa pipa liko chini ya mwembe. Maranda nayaweka membamba, vidole vitatu hivi, kwa kuwa tabaka nene huchacha na kutoa joto lake. Chanjo ya mdondo nawapa kabla jua halijapanda. Kumkimbiza kuku saa saba mchana ni kumuua kwa mkono wako.

Na idadi nimeishusha. Sasa nina 45, watatu kwa kila mita moja ya mraba, wakiwemo vishingo sita ambao shingo zao hazina manyoya. Siku ya joto kali hao ndio utakaowaona bado wanachakura wakati wenzao wametandaza mabawa.

Wiki iliyopita kipimajoto kilisoma 33 nje na 34 ndani. Fundi amekwisha kupata kazi kama hii katika nyumba mbili za jirani. Majembe, mapanga na kinyunyizio cha dawa viko chumbani, chini ya kitanda, na mama watoto ananiuliza kila jioni stoo nitajenga lini.