Jambazi Darasani: Muundo wa Msuko katika Futuhi ya Mwalimu Asiyetarajiwa



1. Utangulizi

Katika mhadhara huu ninakusudia kuchunguza swali moja la msuko. Futuhi hutumia njia gani kumfikisha mhalifu kwenye meza ya mwalimu, na ni nini kinachotufanya sisi watazamaji tukubali kwamba anastahili kubaki pale? Swali hili laweza kuonekana dogo, hata la mzaha. Hata hivyo, katika nchi ambayo neno "Mwalimu" peke yake, bila jina la mtu kufuata, lilitosha kumtaja mwasisi wa taifa, hadithi inayomvika jambazi cheo hicho haiwezi kuwa mzaha mtupu. Inagusa heshima ya kazi, na inagusa watoto waliokaa mbele ya ubao wakisubiri kufundishwa.

Nitatumia matini tatu. Ya kwanza ni filamu ya Kijerumani, ya pili ni simulizi la kihistoria lililoandikwa kwa Kiswahili kuhusu nchi iliyo baina ya Handeni na milima ya Usambara, na ya tatu ni tamthilia ya Edwin Semzaba. Baada ya hapo nitaujaribu muundo utakaopatikana kwa kuupeleka Handeni na Korogwe, kwani nadharia ya msuko isiyoweza kusimama katika kijiji tunachokijua ina manufaa madogo kwetu.

2. Msuko na mantiki yake

Wanafunzi wengi huandika kwamba msuko ni mfuatano wa matukio. Maelezo hayo hayatoshi. Matukio yanayofuatana bila kusababishana ni orodha, si msuko. Aristotle, alipoijadili tanzia, aliutanguliza msuko mbele ya wahusika, akataka uwe na mwanzo, kati na mwisho vinavyodaiana. Alibainisha pia mihimili miwili ambayo tunaihitaji leo: mgeuko, yaani hali kupinduka kinyume cha matarajio, na utambuzi, yaani mtu kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua.

Futuhi nayo ina mgeuko na utambuzi, ila huvitumia kwa namna yake. Katika tanzia, mhusika hutambua akiwa amechelewa. Katika futuhi, mtazamaji hutambua mapema kuliko wahusika, na kicheko huzaliwa katika pengo hilo. Sisi tunajua kuwa mwalimu mpya ametoka gerezani, ilhali mkuu wa shule hajui. Kila sentensi ya kawaida anayoambiwa mwalimu huyo huwa na maana mbili, na hicho ndicho kinaya cha kidrama.

3. Hazina chini ya shule

Filamu ya Fack ju Göhte, iliyoandikwa na kuongozwa na Bora Dagtekin, ilitoka mwaka 2013 na ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 7 katika sinema za Ujerumani. Mhusika mkuu, Zeki Müller, anatoka kifungoni akitaka kuchukua fedha za wizi zilizofukiwa katika eneo la ujenzi. Anakuta kwamba juu ya eneo hilo umekwisha kujengwa ukumbi wa michezo wa shule. Ili aweze kuchimba usiku, anahitaji sababu ya kuwapo hapo mchana. Anaomba kazi shuleni, na kwa kukosea kwa wengine anajikuta mwalimu wa muda wa darasa linaloogopwa na walimu wote.

Tuutazame ufundi wake. Msuko una njia mbili zinazopita mahali pamoja: njia ya usiku, ambayo ni ya hazina, na njia ya mchana, ambayo ni ya wajibu. Mwanzoni njia ya mchana ni pazia tu la kuficha ya usiku. Lakini pazia lina masharti yake. Mwalimu asiyefundisha atafukuzwa, na akifukuzwa hatachimba. Kwa hiyo uovu wake wenyewe unamlazimisha afanye wema. Kadiri anavyotaka fedha zake, ndivyo anavyolazimika kuwashughulikia wanafunzi. Na kadiri anavyowashughulikia, ndivyo anavyozidi kuwajali.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya muundo huu. Mwandishi hakuhitaji hotuba ya toba wala ndoto ya usiku wa manane. Badiliko la mhusika limetokana na kazi aliyoifanya kila siku kwa nia mbaya. Naiita hali hii kanuni ya vazi: mtu huvaa vazi la kazi kwa hila, na vazi likamfunza mwili wake kusimama.

4. Mbegha: mwindaji aliyegeuka mwamuzi

Msije mkadhani kwamba kanuni hiyo imetufikia kutoka Ujerumani. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy ambacho sehemu zake zilianza kuchapishwa na misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19, tunasoma habari za Mbegha. Anatoka Ngulu, milima ambayo sasa imo katika Wilaya ya Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa hiyo anahesabiwa kuwa mkosi. Jamaa zake wanamnyima urithi. Anakwenda Kilindi, na huko mtoto wa mkubwa wa nchi anakufa akiwa naye mawindoni. Mbegha anakimbia, na safari yake inamfikisha katika nchi ya Washambaa.

Anafika akiwa mkimbizi mwenye mbwa na mikuki, na nyuma yake ipo damu. Washambaa wanamwona mgeni anayegawa nyama. Wao wanampa vyakula vya shamba, naye anawapa kitoweo, na kwa kupeana huko ujirani unazaliwa. Baadaye wanamletea mashauri yao ayaamue. Anaua simba, anaitwa Simba, na mwisho wake ni kutawala Vugha. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, alionyesha kwamba simulizi hili limejengwa juu ya mpito: kutoka porini hadi makaoni, kutoka kwa mtu asiye na jamaa hadi kwa mtu ambaye jamii nzima imekuwa jamaa yake.

Habari za Wakilindi si futuhi, na halitakuwa jambo la haki kuigeuza kichekesho. Ninachosema ni kwamba mifupa ya msuko inafanana. Yupo mgeni mwenye doa. Ipo jamii isiyolijua doa hilo au isiyolijali. Ipo kazi ambayo jamii inamkabidhi kwa sababu ya haja yake yenyewe. Na upo mgeuko, ambapo kazi inamfanya kuwa mtu mwingine. Tofauti iko katika siri. Mbegha hakuja kuchimba kitu chake, alikuja kutafuta mahali pa kuishi. Ndiyo maana simulizi lake linatupa staha badala ya kicheko: hakuna pengo kubwa kati ya anachokitaka na anachokifanya.

5. Ngoswe: vazi linapovuliwa

Tamthilia ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, iliyochapishwa mwaka 1988, imesomwa kwa miaka mingi katika shule zetu za sekondari. Semzaba, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kufariki mwaka 2016, aliujenga msuko wake kwa kuupindua ule tuliokwisha kuueleza. Ngoswe si mhalifu. Ni karani wa serikali aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anafika akiwa na wajibu halali, nyumbani kwa Mzee Ngengemkeni Mitomingi. Hapo anamwona Mazoea, binti aliyekwisha kuchumbiwa na mwingine, na penzi linakuwa hazina yake ya siri. Anamtorosha binti, na karatasi za sensa zinateketea kwa moto.

Tukiziweka sambamba, Zeki na Ngoswe ni kama mtu na sura yake katika kioo. Mmoja anakuja kwa ajili ya hazina na anaupata wajibu. Mwingine anakuja kwa ajili ya wajibu, anaiona hazina, na wajibu unaungua. Kwa mmoja kazi inamshinda mtu. Kwa mwingine mtu anaishinda kazi. Katika Ngoswe tunacheka sana sehemu za mwanzo, lakini kicheko kinakauka mbele ya majivu, kwa kuwa kilichoungua ni mali ya umma. Nchi haitajua ina watu wangapi wa kujengewa shule na zahanati.

Kutokana na ulinganisho huu tunapata hoja kuu ya mhadhara. Kinachoamua iwapo msuko wa namna hii utaishia katika furaha au katika hasara ni muda ambao mwandishi anaupa kazi kabla haujafika mtihani wa mwisho. Tabia njema au mbaya ya mhusika anapoingia haitoshi kuamua. Zeki amefundisha kwa muda mrefu kabla hajatakiwa kuchagua. Ngoswe anakutana na kishawishi siku zile zile za mwanzo, vazi likiwa bado geni mwilini.

6. Jaribio: Handeni na Korogwe

Sasa tuujaribu muundo huu kwa kisa cha kubuni. Jambazi ameiba mishahara ya wakata mkonge katika shamba moja la Korogwe. Anavuka kwenda Handeni, anazifukia fedha penye mti mkubwa kando ya kijiji, kisha anakamatwa kwa kosa jingine na kufungwa. Anaporudi, mti umekatwa na wanakijiji wamejenga madarasa kwa nguvu zao. Shule ina watoto wengi na walimu wawili. Mwenyekiti wa kijiji anamwona mgeni aliyevaa suruali iliyopigwa pasi, ana daftari mkononi, anazunguka jengo akipima hatua. Anamkumbatia: "Karibu sana, Mwalimu! Tumekungoja tangu Januari."

Usiku mwalimu anachimba. Asubuhi shimo linaonekana. Handeni ni nchi inayofahamika kwa shida ya maji. Kwa hiyo hakuna anayeuliza kwa nini mwalimu amechimba. Kila mtu anajua, au anadhani anajua: mwalimu amejitolea kuchimba kisima. Jioni vijana wanafika na majembe kumsaidia, akina mama wanaleta ugali, na mzee mmoja anashauri shimo lisogezwe mbele kidogo penye dalili ya maji, yaani mbali na fedha.

Hapa futuhi imepata injini yake. Hazina na wajibu vimekutana katika shimo moja. Kila anachofanya kwa siri kinasomwa na jamii kuwa wema wa hadharani, naye hawezi kukanusha bila kujifichua. Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hiyo humwonya mwenye hila, na katika msuko huu inatimia kwa maana mbili: amenaswa na hila yake, na kunaswa huko ndiko kunakomwokoa.

Mwandishi anayekiendeleza kisa hiki atakabiliwa na jambo moja gumu. Fedha zile ni za nani? Ni jasho la wakata mkonge, na si salama kwa msuko kusahau jambo hilo. Kama mhusika atazipata na kuzitumia kununulia madawati, tutapiga makofi huku familia za Korogwe zikilala njaa kwa ajili ya makofi yetu. Utambuzi wa kweli unadai arudi Korogwe. Futuhi itaendelea kuchekesha, lakini deni lazima lilipwe ndani ya msuko wenyewe.

7. Kicheko na mtoto wa dawati la nyuma

Nimesema kwamba hadithi hii inagusa watoto. Historia yetu inathibitisha. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipania kumpatia kila mtoto elimu ya msingi ifikapo 1977, na vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wafundishe huku wakijifunza ualimu. Miaka ya 2000, shule za kata zilipoongezeka kwa kasi, waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo mafupi na kupelekwa madarasani. Mitaani waliitwa "Vodafasta", kwa jina la vocha ya simu.

Jina lile lilikuwa futuhi fupi iliyotungwa na umma. Lilichekesha kwa sababu lilisema kweli kuhusu haraka ile, na liliumiza kwa sababu aliyechekwa ni kijana aliyepelekwa, wakati aliyempeleka hakuchekwa. Hii ndiyo hatari ya msuko wa mwalimu asiyetarajiwa. Ukijengwa vibaya, hutufundisha kwamba moyo mwema unatosha, kwamba yeyote aweza kuokotwa njiani akafundisha. Ukijengwa vizuri, huonyesha kinyume chake: kwamba ualimu ni kazi nzito kiasi cha kuweza kumgeuza hata jambazi, na kwamba kijiji kinachomkumbatia mgeni asiyejulikana kinafanya hivyo kwa sababu kimengoja tangu Januari.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba msuko huu una sehemu nne: mgeni mwenye siri, jamii yenye haja, kazi inayounganisha siri na haja, na mtihani unaomtaka mhusika achague. Tumeona pia kwamba uzito wake hutegemea muda uliopewa kazi, na kwamba deni la mwanzo halifutwi na kicheko cha mwisho. Ninawashauri wanafunzi watakaoandika au kuhakiki futuhi za aina hii waanze na swali ambalo mwanakijiji wa Handeni angeliuliza kabla ya yote: je, mwishoni mwa mchezo, watoto wamejifunza kusoma?